Mlima Unapokuteremsha



Anayetoka Songea kwenda Mbinga kwa baiskeli huianza safari kwa kujiamini. Nchi imelala, na miguu bado ina nguvu za asubuhi. Unapita Kitai, unafika Kigonsera, ambako Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya Peramiho. Kwa aliye ndani ya basi, Kigonsera ni kibao kinachopita dirishani. Kwa aliye juu ya baiskeli, Kigonsera ina harufu ya mahindi yanayochomwa, ina wanafunzi wanaocheka kando ya njia, na ina mtoto aliyejificha juu ya mwembe anayekupigia mbinja mpaka ugeuke.

Halafu Umatengo unaanza kuinuka mbele yako.

Wazee wa Wamatengo walijikusanya kwenye milima hii karne ya 19, wakati wa mashambulizi ya Wangoni, na ardhi waliyoipata ilikuwa ya miteremko mikali. Hawakungoja tambarare. Walifyeka nyasi, wakazilaza mistari kwa mistari ikikatana, wakazifukia kwa udongo uliochimbwa katikati, na pale katikati pakabaki shimo. Mvua ikinyesha, maji hutulia shimoni badala ya kuporomosha shamba, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Ndiyo ngoro. Maharage na mahindi yanaota juu yake hadi leo, na sijaona jembe la kisasa lililoishinda kwenye miteremko ile.

Ni kwenye miteremko hiyo ndipo mwenye baiskeli anaposhuka. Baiskeli yetu ya Phoenix haina gia. Unakanyaga pedali mara mbili tatu za mwisho, baiskeli inayumba, basi: unaweka mguu chini, unashika usukani, unaanza kukokota.

Katekista mmoja wa upande wa Tingi alikuwa akikokota hivyo, akienda kigangoni kuongoza ibada, alipomfikia bibi aliyebeba kuni kichwani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Leo unatembea na sisi?"

"Mlima umeniteremsha, bibi."

"Afadhali umekuteremsha. Ukiwa juu huwa unatupungia mkono tu."

Kuni zikahamia kwenye keria. Wakapanda pamoja, taratibu, wakipumzika kila penye kivuli. Walipofika juu, katekista alikuwa amejua kwamba mwana wa yule bibi hajapiga simu tangu walipogombana juu ya shamba la kahawa, kwamba mjukuu ameacha shule, na kwamba yeye mwenyewe haendi tena jumuiya kwa sababu ya jirani mmoja ambaye hawasalimiani naye. Alikuwa akimpita bibi huyo njiani muda mrefu sana, tena kwa heshima zote.

Mpendwa, wengi wetu tunaona aibu kukokota. Tunadhani imani ni pale magurudumu yanapozunguka yenyewe: sala inatiririka, nyumba ina amani, huduma inapendeza mbele za watu. Kisha unakuja mwaka wa kumuuguza mzazi ambaye hakumbuki tena jina lako, au mwaka ambao wewe na mwenzako mnaongea habari za chumvi na ada ya shule tu. Sala inakuwa maneno machache mazito kabla ya usingizi. Unajisema moyoni, "Nimerudi nyuma." Je, kweli umerudi nyuma? Au umeshuka tu, na sasa unakwenda kwa miguu kando ya watu uliokuwa ukiwapungia mkono?

Waliomngoja katekista kule kigangoni hawakumuuliza ni wapi alipanda na ni wapi alikokota. Walifurahi amefika, wakaanza wimbo.

Upande wa pili wa milima ni mambo mengine. Kutoka kwenye mashamba ya kahawa unateremka kuelekea Mbamba Bay, na Ziwa Nyasa liko chini kabisa, kwenye kimo kisichofika mita 500 juu ya usawa wa bahari. Hapo hakuna anayekokota. Upepo unapiga masikioni, breki zinapata moto, na kimo chote ulichokitafuta tangu asubuhi kinaisha kabla jasho halijakauka mgongoni. Joto linakupokea, pamoja na harufu ya dagaa waliotandazwa juani, na ugali wa muhogo.

Ukifuata ufuko kwenda kaskazini unafika Liuli. Nakuomba tukae hapa kidogo.

Wajerumani waliiita bandari hii Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe kubwa la majini lililowakumbusha sanamu ya kale ya Misri. Wenyeji huliita Pomonda. Kabla ya vita vya kwanza vya dunia, ziwa lilikuwa na manahodha wawili waliojuana vizuri: Rhoades, Mwingereza wa meli ya Guendolen, na Berndt, Mjerumani wa meli ya Hermann von Wissmann. Walikuwa marafiki wa kunywa pamoja kila meli zao zilipokutana. Agosti 1914 vita vikatangazwa Ulaya. Habari zilimfikia Rhoades kwanza, pamoja na amri. Akaja Sphinxhafen, akaikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mizinga. Berndt akaruka ndani ya mashua ndogo, akamfuata huku amekasirika, akitaka kujua kama rafiki yake amelewa. Hakuwa amesikia kwamba kuna vita. Aliambiwa hapo hapo, na hapo hapo akawa mateka.

Wanahistoria wengi huisimulia habari hii kama kichekesho. Mimi kucheka hunishinda. Nafikiri juu ya ile mashua ndogo, na mtu anayepiga kasia kuifuata meli iliyompiga, bado akidhani anakwenda kwa rafiki.

Je, hujawahi kuwa ndani ya mashua hiyo? Shemeji amebadilika ghafla. Rafiki wa kwaya hapokei simu. Umepigwa, na hujui hata kosa, kwa sababu vita vilitangazwa mahali ambapo hukuwepo. Au labda, nakuuliza kwa upole, wewe ndiye uliyekuja na meli? Ulisikia maneno kwanza, ukayaamini, ukapiga, na yule uliyempiga akabaki akikuuliza kama una akili timamu?

Urafiki wa miaka huteremka kama baiskeli kutoka milimani kwenda ziwani. Neno moja msibani, ujumbe mmoja wa simu uliotumwa usiku kwa hasira, na kimo chote kimekwisha. Kurudi ndiko kunakochosha. Hakuna anayeupanda mlima ule kwa kasi aliyoushukia, na ndiyo maana wengi wakiitazama njia ya kurudi hukata tamaa. Wanangoja siku watakayojisikia na nguvu za kusamehe kwa mara moja, moyo wote, bila kidonda. Siku hiyo hukawia. Lakini mtu anaweza kukokota. Leo umeitikia salamu yake bila kukunja uso. Juma lijalo umeuliza hali ya mtoto wake aliyelazwa. Mwezi mwingine, jina lake likitajwa vibaya, umenyamaza, halafu siku nyingine ukamtetea. Bado unaumwa. Bado unapanda.

Niseme na jambo moja kabla sijaendelea. Simwambii mtu anayepigwa nyumbani kwake arudi anakopigwa. Kuna miteremko ambayo mtu haipandi tena; husamehe akiwa mahali salama, na Mungu anamwona huko huko.

Kuhusu njia ya kurudi, Injili ya Luka, sura ya 24, ina wasafiri wawili walioiacha Yerusalemu siku ile ya Pasaka ya kwanza. Walikuwa wamevunjika moyo, wanakwenda Emau, mwendo wa kilomita kama 11, wakiipa mgongo jumuiya yao. Yesu akawakuta njiani. Hakuwasimamisha, wala hakuwageuza kwa nguvu. Alitembea nao kuelekea kule kule walikokuwa wanakimbilia, kwa mwendo wao, akawauliza wanazungumza nini, akawaacha waseme yote, hata yale waliyoyakosea. Je, umewahi kufikiri kwamba huenda anatembea na wewe hata sasa, wakati bado umempa mgongo mtu fulani?

Ilikuwa jioni walipomtambua mezani. Walikuwa wamemsihi alale kwao kwa sababu kumekuchwa, na njia haikufaa tena kwa msafiri. Saa ile ile wakainuka wenyewe, wakaingia katika njia hiyo hiyo gizani, na Yerusalemu iko juu milimani. Walirudi kwa watu wale wale waliowaacha mchana.

Nadhani njiani walipanga maneno ya kuwaambia. Lakini walipofika, waliwakuta wale kumi na mmoja na wenzao bado wamekusanyika, na kabla ya wao kusimulia lolote, wakaanza wao kusimuliwa: Bwana amefufuka, naye amemtokea Simoni. Yule Simoni aliyemkana.