KUTAFAKARI NENO MCHANA NA USIKU: MAFUNDISHO KWA WANAOANZA

Masomo: Yoshua 1:1-9, 1 Wafalme 19:1-13, Zaburi 23

Nawasalimu wote, baba na mama, vijana na watoto, mlioko hapa Nakivale pamoja na ninyi mtakaosomewa karatasi hii katika makazi mengine.

Wengi wenu mmenijia na swali moja. "Mchungaji, nasoma Biblia, lakini nikifunga macho ili nitafakari, hata dakika 2 hazipiti. Ama nimesinzia, ama moyo wangu uko kwenye foleni ya maji, ama nimerudi nyumbani usiku ule tuliokimbia. Je, kutafakari ni karama ya watu fulani tu?" Hapana, wapendwa. Ni agizo walilopewa watu wa kawaida, tena watu waliokuwa katika hali inayofanana na yetu.

AGIZO LILITOLEWA KWENYE MAHEMA

Angalieni mahali Israeli walipokuwa katika Yoshua sura ya 1. Musa amekufa, nao wamemlilia siku 30 (Kumbukumbu la Torati 34:8). Bado hawajavuka Yordani. Wanalala katika mahema, na vijana wao wengi wamezaliwa njiani. Nchi ya ahadi wanaiona kwa macho tu. Ni pale pale, katika mstari wa 8, Mungu anapomwagiza Yoshua awe na torati kinywani mwake wakati wote, usiku na mchana. Hakumwambia angoje kwanza avuke, ajenge nyumba, apate chumba chenye utulivu.

Nasema hivi kwa sababu kungoja kumetuchosha. Makazi haya yamekuwepo tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wapo waliozeeka humu. Wapo waliomaliza mahojiano yote, wakauza hata masufuria wakijiandaa na safari, kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mwezi ule ule Goma iliingia mikononi mwa M23, na Februari ikawa Bukavu. Mlango wa mbele umefungwa, na nyuma kunawaka moto. Mimi siwezi kuwaambia ni mlango upi utafunguliwa, wala siku gani. Ila naweza kuwaonyesha chakula cha kula tukiwa tunangoja.

NENO LENYEWE LINA MAANA GANI?

Katika Kiebrania, neno lililotumika kwa kutafakari katika Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 ni haga. Si kukaa kimya na kuondoa kila wazo kichwani. Ni kunong'ona, kutamka kwa sauti ya chini. Isaya analitumia neno hilo kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake (31:4). Tena katika Isaya 38:14 mfalme Hezekia, akisimulia ugonjwa wake, analitumia kwa kilio cha hua. Basi neno moja linabeba njaa ya simba na maombolezo ya ndege. Aliye na njaa ya Mungu anaweza kutafakari, na aliyefiwa naye anaweza. Na kwa kuwa ni kazi ya mdomo, bibi asiyejua kusoma hajaachwa nje. Mjukuu amsomee mstari mmoja, naye aubebe siku nzima.

JINSI YA KUANZA

Kwanza, chukua kidogo. Akina mama mnajua maharage makavu ya zamani. Ukiyatia chunguni bila kuyaloweka, utamaliza kuni na bado ni magumu. Ukiyaloweka jioni, asubuhi yanaiva kwa kuni chache. Ndivyo lilivyo Neno. Sura tatu zilizosomwa mbio hazilainiki. Mstari mmoja uliowekwa moyoni kabla ya kulala, asubuhi utaukuta umelainika.

Pili, tumia mdomo na mikono. Usijilazimishe kufunga macho. Ukifunga macho huku umechoka, utalala tu. Tamka mstari wako ukipalilia, ukifua, ukisukuma kidumu chako mbele kwenye foleni ya maji. Foleni ile tutasimama tu, basi tusimame na Neno.

Tatu, uliza maswali matatu. Mstari huu unasema nini juu ya Mungu? Unagusa nini katika siku yangu ya leo? Nimjibu Mungu neno gani? Hilo la tatu wengi wanalisahau. Kutafakari kusikofika kwenye sala ni kama kuandaa chakula na kuondoka bila kula.

Nne, mawazo yakitangatanga usijihukumu. Mtoto anapotoka mlangoni, mama humwita arudi. Hasemi kwamba leo ameshindwa kuwa mama. Ukijikuta umefika kwenye mgao wa chakula au ada ya shule, mwambie Mungu jambo hilo kwa neno moja, kisha rudi kwenye mstari. Hata ukirudi mara 20, hizo ni mara 20 umemgeukia Bwana.

Tano, dakika 5 za kila siku ni bora kuliko saa nzima ya siku moja. Isaka alitoka kutafakari shambani wakati wa jioni (Mwanzo 24:63). Yesu aliamka alfajiri, bado giza (Marko 1:35). Chagua wakati wako na uushike.

MAUMIVU YAKIRUDI

Sasa nasema na wale ambao kwao kimya kinatisha. Wakitulia tu, wanaona moto, wanasikia risasi, wanaona uso wa marehemu. Mpendwa, hiyo si dhambi, wala si dalili kwamba Mungu amekukataa.

Someni juu ya Eliya. Alikimbilia jangwani akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika amlishe, akalala tena, akalishwa mara ya pili. Baada ya hapo ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko akasikia ile sauti ndogo ya utulivu. Usingizi na mkate vilitangulia sauti.

Kwa hiyo, picha hizo zikija, acha kutafakari peke yako kwa siku hiyo. Fungua macho, simama, shika kitu kilicho karibu, taja mahali ulipo leo. Nenda kwa jirani, kwa mzee wa kanisa, au uje kwangu, tusome mstari pamoja. Na zikikunyima usingizi wiki baada ya wiki, nenda kituo cha afya ukaongee na mshauri. Kwenda kwake si kukosa imani. Aliyemtuma malaika na mkate anaweza kumtumia hata muuguzi.

KAZI YA WIKI HII

Zaburi ya 23 ina mistari 6. Jumatatu chukueni wa kwanza, Jumanne wa pili, hivyo hivyo hadi Jumamosi. Jioni baba au mama autamke, watoto waurudie mara 3, kisha kila mmoja aseme neno moja alilolipata. Familia yenye Biblia moja iwaalike majirani wasio nayo. Mkifika mstari wa 4 msiuruke kwa sababu ni wa huzuni. Angalieni kwamba hapo Daudi anaacha kuzungumza juu ya Mungu, anaanza kuzungumza na Mungu mwenyewe. Alimgeukia akiwa bondeni, kabla hajatoka. Jumapili tutasikia kila nyumba imepata nini.

Bwana awalinde mkilala na mkiamka, awape Neno lake midomoni mwenu mahali hapa hapa tulipo. Amina.

Ni mimi, ndugu na mchungaji wenu katika Kristo.