Chuma Hakiungi Mfupa

Tarehe 19 Julai 2020, katika uwanja wa Jerez nchini Hispania, bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki, Marc Márquez, alianguka. Mfupa wa mkono wa kulia, ule unaotoka begani hadi kwenye kiwiko, ukavunjika. Siku mbili baadaye alipasuliwa Barcelona, akawekewa bamba la titani lililokazwa kwa skrubu. Alikuwa kijana, mwenye afya, na hakukosa daktari bingwa. Nalitaja hili mapema, maana tumezoea kudhani kwamba mfupa hugoma kuunga kwa wasio na pesa tu.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, baada ya kupimwa na kuruhusiwa, akapanda pikipiki. Asubuhi alizunguka uwanja vizuri. Mchana mkono ukaanza kuishiwa nguvu, akajitoa.

Hapo ndipo tungoje kidogo. Mkono unaopona huongeza nguvu wiki baada ya wiki. Ukiona leo umeshindwa na kilichowezekana jana, kuna jambo ndani. Siku chache baadaye, akiwa nyumbani akifungua mlango mkubwa wa kioo, bamba likashindwa. Tarehe 3 Agosti akarudishwa kwenye chumba cha upasuaji.

Wengi wetu tukishawekewa chuma tunasema tumepona. Kazi ya chuma ni kushika vipande visiachane wakati mwili unajenga mfupa mpya, na kwa mfupa huu wa begani hadi kwenye kiwiko ujenzi huo mara nyingi huchukua miezi mitatu au zaidi. Kabla haujakamilika, mzigo wote unalemea chuma, nacho huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka unakatika.

Miezi ikapita, mfupa haukuunga. Desemba, huko Madrid, upasuaji wa tatu ulichukua saa nane. Alipandikizwa mfupa uliotolewa nyongani, na vipimo vikaonyesha pale mfupa ulipovunjika pameingiwa na vijidudu. Alirudi mashindanoni Aprili 2021. Hata hivyo mfupa ulikuwa umeunga ukiwa umejizungusha, ikabidi Juni 2022 ukatwe tena kwa makusudi, nchini Marekani, ili urudishwe mahali pake. Mwenyewe amekiri hadharani kwamba kurudi haraka Jerez kulikuwa kosa kubwa.

Simhukumu. Dereva wa bodaboda mwenye marejesho ya mkopo kila wiki, mama anayetegemewa kuchota maji, hata mimi kodi ya nyumba ikinibana, sote tungemuuliza daktari swali moja tu: narudi kazini lini? Tena dawa za maumivu hutudanganya, zikituliza uchungu uliokuja kutuonya.

Basi tuwe macho. Maumivu yaliyokuwa yamepungua yakianza upya, kidonda kikivuja au kuwa cha moto, homa ikipanda, au ukishindwa kuinua kiganja kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa huo umeguswa, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mazoezi ya vidole, kiwiko na bega uliyoelekezwa yafanye, viungo visikakamae. Kubeba mizigo ni jambo jingine.

Ndugu yangu mwenye chuma mkononi, kabla ya kuinua ndoo ya kwanza, rudi hospitali upigwe eksirei, na umwombe daktari akuonyeshe kwenye picha mahali mfupa ulipounga.