Kipimo Kinajua Nini Kukuhusu?



Kutoka huku Malolo unafika Mikumi, unakata njia ya Kidatu, unakwenda zako hadi Ifakara. Mwaka 2009, katika vijiji 10 vya upande huo, Kilombero na Ulanga, watafiti walianza jaribio lililoitwa RESPECT. Walishiriki watu zaidi ya 2,000, wengi wao wa miaka 18 hadi 30, yaani rika letu kabisa. Swali lilikuwa: je, fedha inaweza kumfanya mtu aishi kwa uangalifu zaidi?

Kila baada ya miezi minne walipimwa magonjwa ya zinaa yanayotibika, kama kisonono na klamidia. Kundi moja halikuahidiwa fedha. Katika makundi mengine mawili, aliyekutwa hana maambukizi alipewa shilingi 10,000 au 20,000, kulingana na kundi lake. Aliyekutwa nayo alikosa fedha awamu hiyo, lakini alitibiwa bure. Baada ya mwaka, maambukizi yalipungua kwenye kundi la 20,000. Kwenye lile la 10,000 hapakuonekana tofauti ya maana.

Kwa nini wapime badala ya kuuliza tu? Jibu tunalijua. Ukimuuliza mtu mambo ya chumbani kwake, atakupa jibu linalopendeza. Maabara haina cha kupendezwa nacho. Hapo mimi nawaunga mkono: kupenda ukweli ni pamoja na kukubali ukweli wa mwili.

Lakini sasa tufikiri pamoja. Chukua mke mwaminifu ambaye mumewe anatoka nje na kumletea kisonono. Kipimo kitamwonyesha anao, na fedha atakosa. Chukua na kijana mhuni mwenye bahati: kipimo kitasema yuko salama, naye ataondoka na noti zake. Kipimo hakikudanganya hata kidogo. Kimesema kuna vijidudu au hakuna, basi. Ni sisi tunaoongeza: huyu mwema, yule mbaya.

Utauliza, na yule aliyejiheshimu kwa ajili ya fedha, amefanya vibaya? Hapana. Mtakatifu Thoma wa Akwino anakubali kwamba mtu anayeanza kwa kuogopa adhabu anaweza kuzoea wema, mwishowe akautenda kwa hiari. Nadhani hata zawadi inaweza kuufungua mlango huo. Ila kuingia ni juu yake, na siku fedha zikikoma ndipo ataijua nia yake.

Nabii Samweli alipomtafuta mfalme, alivutiwa kwanza na umbo la Eliabu. Mungu alikuwa anaangalia moyo, akamchagua Daudi.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, nenda kapime, tena usichelewe. Ukikutwa na ugonjwa, tibiwa. Na jibu la mwenzako likikufikia, lisitoke mdomoni mwako kama hukumu. Moyo wake hakuna aliyeupima.