Nyumba Iliyobadilishwa na Suala la Uhalisi: Tafakuri kuhusu Nyumba ya Mawe ya Lamu

Makala haya yanakusudia kujadili swali ambalo kwa sura yake ya nje ni la wasanifu majengo na wahifadhi, lakini kwa undani wake ni la kimaadili na la kihakiki pia: je, nyumba ya kale iliyobadilishwa na vizazi vilivyoishi ndani yake huwa imepoteza thamani yake kama urithi? Mfano wetu ni nyumba ya mawe ya Lamu, mji ambao UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Wapo wanaoshikilia kwamba thamani ya nyumba imo katika uasili wake. Kwa mtazamo huu, kila dirisha lililotobolewa na kila kiambaza kilichoongezwa ni uharibifu. Hoja hii ina uzito, kwani zidaka zilizovunjwa hazirudi. Hata hivyo, inazua swali jingine: uasili wenyewe ni upi? Nyumba ya Lamu hujengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake huchukuliwa na boriti za mikoko. Boriti huoza na lipu ya chokaa hubanduka; zote hazina budi kubadilishwa. Aidha, binti alipoozwa, aghalabu alipatiwa makao kwa kuongezwa orofa juu ya nyumba ya wazazi, au kwa kujengewa upande wa pili wa kichochoro na pande hizo mbili kuunganishwa kwa wikio. Ni dhahiri basi kwamba mabadiliko si ajali iliyoipata nyumba hii, bali ni sehemu ya mantiki yake.

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili hapaswi kulishangaa jambo hili. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ilitufikia kwa mikono ya wanakili, na nakala zake zinatofautiana. Hichens alipoichapisha mwaka 1939, alilazimika kuchagua, kama kila mhariri anavyolazimika. Hatusemi kwa sababu hiyo kwamba utungo huo umekufa. Isitoshe, utungo wenyewe unatupa funzo. Majumba ya Pate unayoyasawiri, ambamo makinda ya ndege yamelala katika zidaka zilizokuwa za vyombo, hayakubadilishwa na mkaaji yeyote. Yalihamwa. Hakuna aliyetoboa dirisha wala kuongeza kiambaza, na bado ndiyo mfano wetu mkuu wa hasara. Kutobadilishwa, kwa hiyo, si sawa na kuhifadhiwa.

Suala hili lina upande mzito zaidi. Katika nyumba za mabwana, orofa ya chini kwa kawaida ilikuwa ya ghala na ya watumwa, ilhali familia iliishi juu. Utumwa ulipoteza uhalali wa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Tuchukue, kwa mfano wa kubuni, nyumba ambayo ghala lake la chini liligawanywa baada ya mwaka huo likawa vyumba vya kupangisha, vyenye mlango wao wa kutokea barabarani. Mhifadhi anayetaka kuirejesha katika karne ya 18 ataubomoa ukuta huo kwa kuwa si wa asili. Lakini mlango huo ni ushahidi. Unatuambia kwamba mtu aliyepita kwa idhini ya bwana sasa anaingia na kutoka apendavyo. Kuuziba kwa jina la uhalisi ni kurejesha umbo la nyumba pamoja na mpangilio wake wa kijamii, kisha kukinyamazia kilichoubadilisha mpangilio huo.

Je, ina maana kwamba kila badiliko ni halali, kwa vile yote ni historia? La. Dai hilo lingemwachia mwenye fedha awe mwandishi pekee wa nyumba. Tunapendekeza vigezo viwili. Cha kwanza ni kusomeka: badiliko liache dalili za yale yaliyolitangulia, ili kizazi kijacho kiweze kuzitambua tabaka za maisha. Cha pili ni uendelevu: badiliko lisizuie mabadiliko mengine. Tofauti ya chokaa na saruji inalifafanua jambo hili vyema. Lipu ya chokaa huuruhusu ukuta wa matumbawe kupumua; saruji huufungia unyevu ndani, na ukuta huoza chini ya sura iliyo nyofu. Anayeongeza chumba kwa chokaa anaendeleza mazungumzo. Anayefunika kila kitu kwa saruji anayakatiza, hata kama hakubadilisha umbo.

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulikwisha kutaka michango halali ya vipindi vyote iheshimiwe, na urejeshaji ukome pale dhana inapoanza. Hati ya Nara ya mwaka 1994 iliongeza kwamba uhalisi hupimwa ndani ya utamaduni unaohusika. Linalosalia ni suala la haki. Chokaa na boriti hugharimu fedha na ujuzi, na mzigo huo humwangukia mkaaji, huku sifa ya urithi ikigawanywa kwa walimwengu wote. Jamii inayomzuia mjane kutumia saruji bila kumsaidia kupata chokaa haihifadhi urithi. Inamtoza ushuru kwa kuishi ndani yake.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kwa kutamatisha, tunadai kwamba nyumba iliyobadilishwa isomwe kama matini yenye waandishi wengi, wakiwamo wale ambao hawakuwahi kuimiliki. Wajibu wetu si kumtafuta mwandishi wa kwanza na kuwafuta waliomfuata, bali kuhakikisha kwamba hakuna sauti inayozimwa, na kwamba atakayekuja baadaye ataweza naye kuandika.