Mchuma Janga Hula na wa Kwao

Liko neno ambalo tunalisikia mara kwa mara: "Uhai ni wangu. Nikiupoteza, nimeupoteza mimi." Hulisema dereva anayeonywa kuhusu mwendo wake, na mvuvi anayeambiwa bahari imechafuka. Tena siku hizi hulisema wapanda milima wanaoikuta njia imefungwa, wakaruka kamba na kuendelea na safari yao. Yafaa tulipime neno hili kwa utulivu, maana ndani yake mna ukweli kidogo na kosa kubwa.

Tuchukue mfano wa Mlima Fuji huko Japani. Mlima huu una kimo cha meta 3,776, na njia zake hufunguliwa wakati wa kiangazi tu, yaani tangu mapema Julai hadi tarehe 10 Septemba. Miezi mingine hufungwa. Sababu zake si siri: juu kuna theluji na barafu, upepo ni mkali wa kumwangusha mtu, na vibanda vya kulala pamoja na vituo vya huduma ya kwanza havina watu.

Mwezi wa Aprili mwaka 2025 kijana mmoja, mwanafunzi, alipanda mlima huo wakati njia zimefungwa. Akiwa juu alipoteza vyuma vinavyofungwa chini ya viatu ili kukanyagia barafu, akashindwa kushuka. Akachukuliwa kwa helikopta. Siku nne baadaye alirudi kule kule kutafuta simu yake na vitu vingine alivyoviacha. Safari hii alizidiwa na ugonjwa wa kimo. Mpandaji mwingine akamkuta, na waokoaji wakapanda tena kumleta chini. Habari hii iliposikika, watu wengi walikasirika. Meya wa Fujinomiya, mji ulio chini ya mlima huo, alitaka wanaookolewa nje ya msimu walipe gharama wenyewe.

Kabla ya kumhukumu kijana huyo, hatuna budi kumpa haki yake. Kupanda mlima si dhambi. Mwanadamu asiyethubutu lolote hajifunzi lolote, na wako mabingwa waliozoea barafu ambao hupanda milima ya namna hiyo wakati wa baridi wakarudi salama. Tena mtu mzima ana haki ya kuamua mambo yake. Kama pangekuwa na mtu asiye na mzazi, asiye na rafiki, na ambaye akianguka hakuna mguu utakaomfuata, pengine tungemwambia: haya, shauri yako.

Lakini mtu wa namna hiyo yuko wapi? Hapo ndipo neno lile linapovunjika. Anayeanguka mlimani hutafutwa. Na wanaomtafuta wana miili kama yake, wana watoto nyumbani, na barafu haiwatambui kuwa wao wamekuja kwa wema. Mwezi wa Septemba mwaka 2009, katika mkoa wa Gifu, helikopta iliyokwenda kumwokoa mpandaji katika Mlima Okuhotaka ilianguka, na watu watatu waliokuwa ndani yake wakafa. Mwezi wa Julai mwaka 2010 helikopta ya uokoaji ya mkoa wa Saitama ilianguka milimani, nayo ikaua watano. Hatusemi kwamba waliokuwa wakiokolewa siku hizo walikuwa wamevunja amri yoyote. Tunalosema ni kwamba bei ya uokoaji yaweza kuwa hiyo, na wanaoilipa si wao walioichagua safari.

Wala hatuna haja ya kwenda Japani ili kuliona jambo hili. Katika Kilimanjaro mgeni hapandi bila kiongozi. Kiongozi mwenye ujuzi humtazama mgeni wake, husikia kikohozi chake, huona mwendo wake umelegea, kisha humwambia, "Ndugu, turudi." Akikubali, hushuka kwa miguu yake. Akikataa kwa sababu amelipa fedha nyingi na anataka picha ya kileleni, huenda akashushwa kwenye machela yenye gurudumu moja. Machela hiyo haijiendeshi. Huvutwa na kuzuiwa na vijana wa watu, usiku, penye mawe na utelezi. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mlimani, "wa kwao" ni hata wale asiowajua majina.

Basi wengine huuliza: mtu aliyeonywa akakaidi, kwa nini asiachwe? Asiyesikia la mkuu, si huvunjika guu? Jawabu letu ni kwamba methali hiyo yatuambia yatakayompata mkaidi. Haituambii tumwache amelala na guu lake. Msamaria katika ule mfano tunaoujua sote hakumwuliza majeruhi kwa nini alipita peke yake katika njia ya hatari. Alifunga vidonda kwanza. Tukianza kupima nani anastahili kuokolewa, hatutaishia mlimani. Tutafika hospitali, tumwulize mgonjwa wa ini alikunywa nini, na mama wa mtoto mgonjwa kwa nini alichelewa. Jamii ya watu wanaoulizana hivyo mbele ya damu haifai kuishi ndani yake.

Wengine husema: aokolewe, lakini alipe. Mkoa ule wa Saitama ulifanya hivyo. Tangu mwaka 2018 anayeokolewa kwa helikopta yake katika milima iliyotajwa na sheria hutozwa fedha, na kiwango cha kwanza kilikuwa yeni 5,000 kwa kila dakika tano za kuruka. Hatuoni ubaya kumkumbusha mtu kwamba mafuta ya helikopta hayaokotwi. Hata hivyo, dawa hiyo ina upungufu wa namna mbili. Kwanza, mwenye mfuko mwepesi aweza kuogopa deni, akachelewa kuita msaada mpaka hali yake ikaharibika. Pili, mwenye mfuko mzito aweza kudhani kuwa amekwisha kuinunua ruhusa. Lakini ni hundi gani itakayomrudishia mjane mumewe aliyekuwa rubani?

Kwa maoni yetu jambo lenyewe limesimama hapa. Wajibu wa mpandaji haupo baada ya kuokolewa, wakati wa kulipa na kuomba radhi. Upo kabla, pale penye kamba. Kwa kuwa wenzake hawatamwacha, na kwa kuwa ni vema wasimwache, yeye hana tena haki ya kusema hatari ni yake peke yake. Kule kupendwa kwake kumemfunga. Anayeruka kamba huku akijua kwamba watu watakuja, amewaruka na wao pia. Amewaamulia safari ambayo hakuwauliza.

Tuseme pia neno kwa wale wanaofunga njia, maana wajibu hauko upande mmoja. Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia walimu vijana kwamba kanuni isiyoelezwa huvunjwa hata na mtoto mwema. Kibao kilichoandikwa "Hakuna Njia" na kuachwa hapo miaka mitatu, hali mawe yaliyoanguka yamekwisha kuondolewa, huwafundisha watu kudharau vibao vyote. Afungaye njia na aseme sababu, aseme hadi lini, na ikipita hatari aifungue.

Hali kadhalika, njia iliyo wazi si ahadi ya usalama. Tarehe 27 Septemba mwaka 2014 Mlima Ontake, huko huko Japani, ulilipuka ghafula karibu na saa sita mchana, wakati wapandaji wengi wapo karibu na kilele. Njia zilikuwa wazi, na kiwango cha tahadhari kilikuwa cha chini kabisa, ingawa mitetemeko midogo ilikuwa imeonekana mapema mwezi huo. Watu 58 walikufa, na watano hawakuonekana tena. Hao hawakuvunja amri yoyote, wala asiwepo wa kuwalaumu. Lakini msiba wao wakumbusha kwamba wenye mamlaka nao ni wanadamu, hawajui yote. Basi kama njia ambayo wataalamu hawakuona sababu ya kuifunga yaweza kuua, tuseme nini juu ya ile waliyoiona hatari yake wakaifunga?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tuwafundishe vijana wetu swali moja la kujiuliza. Wasijiulize tu, "Je, naweza?" maana kijana mwenye nguvu daima hujibu, naweza. Wajiulize, "Nisiporudi, nani atakuja kunitafuta?" Wamtaje kwa jina kama wanamjua: baba, dada, jirani, askari wa hifadhi, mpagazi. Kisha wajiulize kama wangethubutu kumwamsha mtu huyo usiku na kumwambia, "Twende wote, njia imefungwa lakini mimi nataka kupita." Kama hawathubutu kumwambia hivyo usoni pake, basi na warudi. Mlima utakuwapo hata msimu ujao.