Watu Wanne na Godoro Moja
(Marko 2:1-12)



Marko atupa habari za watu wanne waliomchukua mwenye kupooza kwa Yesu huko Kapernaumu. Walipoona mlango umezibwa na makutano, hawakumburuta katikati ya watu. Walipanda juu, wakaitoboa dari, wakamteremsha pamoja na godoro lake. Kama mmoja angaliharakisha mbele ya wenziwe, mgonjwa angalianguka. Upendo wao ulikuwa na utaratibu, na imani yao ilionekana katika mikono yao.

Sisi tukaao kando ya barabara kuu twajua habari nyingine. Basi likipinduka, watu hukimbilia majeruhi kwa huruma, wakawashika mikono na miguu, wakawavuta nje. Wengine, ole wao, hupekua mifuko; hao ni ndugu wa wanyang'anyi wa njia ya Yeriko. Lakini hata wenye huruma yawapasa kufundishwa. Ndani ya mifupa ya shingo na mgongo umo mshipa mkuu wa fahamu. Mfupa uliovunjika ukivutwa ovyo waweza kuukata, na mtu ambaye angalitembea tena asisimame kamwe. Huyo amejeruhiwa mara mbili: kwanza na chuma, kisha na rafiki.

Wafundishwao kazi hii hujifunza kwanza kusimama na kutazama. Je, mafuta yamemwagika? Mtambo umezimwa? Gari laweza kubingirika? Mmoja huwapigia simu zimamoto, ambao nambari yao katika Tanzania ni 114. Mwingine hukishika kichwa cha majeruhi kwa mikono miwili, kisigeuke, huku akisema naye kwa upole. Damu itokayo kwa wingi huzuiwa kwa kukandamiza kitambaa safi juu ya jeraha. Kisha ubao huingizwa nyuma ya mgongo; ashikaye kichwa huhesabu, na wote huinua pamoja. Mtu akibanwa, waokoaji hulikata paa la gari kwa mikasi ya chuma, ili atolewe akiwa amenyoka. Tazameni, ni dari ya Kapernaumu tena! Ila moto ukiwaka, au akiwa hapumui, hawangoji ubao. Humtoa mara moja jinsi wawezavyo.

Tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, basi la wanafunzi lilitumbukia korongoni, wakafa watu 35. Wageni Wamarekani waliokuja nchini kwa huduma ya tiba walikuwa wakipita njia ile. Wakashuka korongoni kusaidia. Watoto watatu walionekana kuwa wangali hai, nao wakapona. Wapitaji wale walikuwa na huruma, tena walikuwa na elimu.

Basi mtu asiseme, Maombi yatosha. Msamaria naye alijua kufunga jeraha, akawa na mafuta na divai tayari. Twawasihi wazee wa sharika zilizo kando ya barabara: chagueni vijana wanne wanne, waombeeni walimu kwa zimamoto na kwa hospitali zetu, wekeni ubao na vitambaa safi kanisani. Maana siku ya ajali haitangoja tujifunze.

Bwana aliyetuinua sisi tulipokuwa hatuwezi kujiinua, aifundishe mikono yetu kuwainua wengine. Amina.