Kutangulia Si Kufika

Somo: 1 Samweli 16:1–13



Nabii Samweli alikuwa mzee mwenye hekima, lakini alipofika nyumbani kwa Yese nusura akosee. Alipomwona Eliabu, kijana mrefu mwenye umbo la kupendeza, alidhani kwamba huyo ndiye mteule. Mungu akamwonya asiangalie sura wala kimo, kwa kuwa Yeye huangalia moyo. Na kumbukeni, Samweli alikwisha kumpaka mafuta Sauli, aliyewapita watu wote kwa urefu, akaona mambo yalivyokwenda. Hata hivyo macho yake yalirudi kule kule.

Nasi tu hivyo hivyo. Chukueni habari za Hasheem Thabeet, ambaye vijana wetu wapenda mpira wa kikapu wanamjua. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mchezo huo akiwa na miaka kama 15, umri ambao wenzake wa ng'ambo wamekwisha kuucheza tangu utotoni. Akaenda kusoma Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na huko akawa ngome ya timu yake kwa kuzuia mipira ya wapinzani. Kimo chake ni mita 2.21. Mwaka 2009, timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa, zilipochagua wachezaji wapya, Memphis Grizzlies walimchukua akiwa wa pili. Stephen Curry, aliyekuja kuvuma dunia nzima, alichaguliwa wa saba. Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ile.

Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini msimu ule ule, Februari 2010, alipelekwa kwenye ligi ya chini akajifunze zaidi. Baadaye alipita Houston, Portland na Oklahoma City, na baada ya mwaka 2014 hakucheza tena NBA. Wengi wakasema ameshindwa. Yeye hakuuacha mpira. Alikwenda kucheza hata Japani na Taiwan. Tujiulize: kijana aliyeanza kwa kuchelewa, akafika mahali ambapo hapakuwa pamefikwa na Mtanzania yeyote, ameshindwa nini? Au sisi ndio tuliopima kimo tukasahau urefu wa safari?

Ninayasema haya nikijihukumu mwenyewe. Chuo cha ualimu kilitufundisha tusimpime mtoto kwa mwenzake, bali kwa vile alivyokuwa jana. Nilisahau. Nilikuwa na mwanafunzi mwepesi wa hesabu, nikamsimamisha mbele ya shule nzima nikasema, "Huyu ndiye injinia wetu." Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, jina lake halikuwamo. Siku chache baadaye nilikutana naye njiani, nikapita kana kwamba sikumwona.

Miaka mingi ikapita. Siku moja niliposhuka kwenye treni hapa stesheni, mtu alinipokea mzigo: "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yeye. Alinibebea mzigo hadi nyumbani. Nilimshukuru kwa mzigo, lakini neno la kuomba radhi lilinikwama kooni. Ilinichukua juma zima kumfuata na kulisema.

Ndugu zangu, Daudi alipopakwa mafuta hakuketi kwenye kiti cha enzi siku ile. Sauli alipotuma watu kumwita, alikuwa bado malishoni na kondoo. Kupakwa mafuta kulikuwa mwanzo tu, na katikati ilikuwako kazi ya kila siku isiyopigiwa makofi.

Basi, mzazi, mtoto wako akisifiwa, mrudishe kwa kondoo wake: masomo, mazoezi, kazi za nyumbani na sala. Usimvike taji ambalo shingo yake haijaweza kulibeba. Na akianguka, usiwe kama yule kuhani na yule Mlawi waliopita upande wa pili wa njia. Mwite kwa jina lake. Nawe kijana uliyerudishwa chini, jua kwamba Mungu hakukuchagua kwa kimo chako, wala hatakuacha kwa sababu ya kuanguka kwako.

Tuombe: Ee Bwana, utuponye macho yetu, tuwaone watoto wetu kama uwaonavyo Wewe, utupe subira wanapokua, na ujasiri wa kuomba radhi tulipowakosea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwalimu mstaafu, Ngerengere